Kauli Haikatwi

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mtu mmoja katushinda watu themanini. Kwa mdomo tu.

Agenda niliipanga mwenyewe. Nambari nne: kumthibitisha Bi Zahra kwenye Baraza la Sulhu. Kamati imeshampitisha. Mwanasheria mstaafu, fiqhi kaisoma miaka sita, na atakuwa mwanamke wa kwanza kukaa pale. Nikahesabu dakika kumi — mikono juu, Fatiha, chai. Saa nane na nusu Mzee Msabaha akanyanyua mkono. Akasimama, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, na hakukaa tena mpaka saa kumi na moja kasoro dakika tano, alipokuja yule mtu wa kanisa linalotukodisha ukumbi, na funguo zake kutwambia muda wetu wa ukumbi umekwisha, wanawake wa mazoezi ya Zumba wako nje wanapigwa na baridi.

Saa mbili na zaidi! Alianza na makadhi wa Unguja, mmoja mmoja, nani kamrithi nani. Akaja kwenye safari yake ya kuja huku. Akaja kwenye maiti wote tuliowazika tangu Jumuiya yetu ya hapa London ianze, na siku gani mvua ilinyesha na siku gani haikunyesha. Mwenyekiti wetu Ziyad anamuuliza kila baada ya muda, kwa adabu: Mzee wetu, umemaliza? Bado, mwanangu. Na akishasema bado, basi tena. Kwetu kauli haikatwi. Aliyesimama kusema hanyamazishwi na mtu mpaka mwenyewe atamke "nimemaliza". Wazee walitoka kwao wamezibwa midomo, wakaapa huku hakuna atakayemziba mwenziwe.

Sawa. Desturi nzuri, naipenda. Lakini mwanangu Ummu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, koti hajalivua, na kila Ziyad akiuliza "umemaliza" naye ananyanyua kichwa.

Kura haikupigwa. Imesogezwa mkutano wa Novemba.


Jumatatu, 6 Oktoba

Treni ya Overground, nimepata kiti, nashukuru.

Ummu hajalala. Nilimsikia anatembea jikoni tangu alfajiri. Nimemlea tangu dada yangu alipofariki, ana miaka tisa, leo ana thalathini na sita na bado najua kwa hatua zake tu kama kalia au la. Nikamwambia mwanangu, ni mwezi mmoja tu. Akanijibu Kiingereza — akiwa na hasira hujibu Kiingereza — kwamba kila siku kwake ni mwezi mmoja tu, kwa miaka minne sasa.

Kweli. Sultan keshaoa mwengine huko Luton, ana watoto wawili. Mahakama ya Kiingereza ilishawaachanisha mwaka juzi. Talaka yetu ndiyo hataki kuitoa. Si kwamba anamtaka, hataki tu aolewe na mwengine. Baraza likikaa watatu linaweza kuivunja ndoa. Lakini mmoja wao kafariki Juni, na wawili hawavunji ndoa, ndio sharti letu. Kwa hiyo kiti kile kimoja kikiwa kitupu, mwanangu ni mke wa mtu asiyemtaka.

Na Jaffar anangoja. Fundi wa lifti, mtu mpole, hana maneno. Kasema atangoja mpaka mwisho wa mwaka. Mamake ndiye asiyengoja.


Ijumaa, 10 Oktoba

Carer, mhudumu wetu wa asubuhi, hakuja, nikaenda mwenyewe kwa Irene, mmoja wa wazee ambao ofisi yetu huwahudumia majumbani. Ana miaka tisini na moja, anataka kuoshwa na kusikilizwa, na la pili ndilo kubwa. Ujanani alikuwa akitoa chai bungeni Westminster. Nikamhadithia ya Mzee Msabaha. Akacheka mpaka akakohoa. Kwao siku ya mambo hayo ilikuwa Ijumaa, anasema. Mtu mmoja anasimama anazungumza wee, habari za bustani yake, habari za mbwa, saa inagonga, mswada umekufa. Halafu wanateremka wote kunywa chai na keki kama hakuna aliyefiwa.

Nikamuuliza kwa nini hawakuikataza. Akasema kila mmoja alikuwa akiikataza siku ile inayomuumiza yeye tu.

Nilimpaka mafuta miguuni.


Jumapili, 2 Novemba

Mzee Msabaha kaja na chupa ya chai na mto wa kukalia. Mto! Kwani ana nia ya kukaa?

Saa nane na robo kasimama. Akavaa miwani, akatoa karatasi, akasema: leo nitasoma majina ya wanachama wote na vijiji walikotoka wazee wao, kama alivyonifundisha Bi Miska.

Watu wakacheka. Wazee ndio waliocheka zaidi, maana wanakumbuka. Vijana wakageuka kunitazama. Uso wangu uliwaka moto.

Wacha niandike, humu hasomi mtu. Mwaka 2011 aliyependekezwa kwenye Baraza alikuwa Mzee Msabaha mwenyewe. Sie, kundi la akina mama na vijana wachache, hatukumtaka. Tulisema ana moyo mgumu, tulisema ataturudisha nyuma. Ushahidi hatukuwa nao. Na wengi walikuwa upande wake, kura tungeshindwa. Basi nikasimama mie. Nikasoma majina ya wanachama na vijiji vyao, nikasoma namna ya kupika boko boko, ngano kiasi gani, nyama inasagikaje. Mikutano miwili. Watu walikuwa hoi kwa kicheko na yeye kakaa mstari wa mbele na kanzu yake mpya, mkewe pembeni. Mkutano wa tatu kaliondoa jina lake. Na nilijisifu. Mwaka mzima nilikuwa nikiihadithia harusini.

Mkuki kwa nguruwe. Saa kumi na moja kasorobo bado yuko herufi ya M.

Kura haikupigwa.


Jumanne, 4 Novemba

Mama Jaffar kapiga simu. Maneno ya adabu, sauti ya barafu. Kuna binti Mombasa, wa familia yao, na mwanawe umri unakwenda. Hana ubaya na Ummu, ila kijana wake hawezi kuposa mke wa mtu.

Ummu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kasikia yote. Akasema tu, "She's right, Ma'mdogo," akaenda kazini.


Alhamisi, 6 Novemba

Ziyad kanijia mpaka ofisini, wakati wa chakula. Kijana huyu ana haraka tangu tumboni. Kazaliwa hapa, Kiswahili chake kinachechemea lakini hakiogopi.

Mpango wake huu: tarehe 16 mkutano wa dharura. Msabaha akisimama, mwenyekiti atatamka kwamba kauli haikatwi ni mazoea tu, haimo kwenye katiba ya Jumuiya. Na mazoea yanaondolewa kwa wingi wa kura, nusu na mmoja. Kuanzia hapo kila msemaji dakika mbili na kengele. Kisha Bi Zahra anapita siku hiyo hiyo.

Anasema hata maseneta wa Marekani walikuwa nayo hii, wachache wanasema mpaka majaji wanakwama. Wakaikata. Kwanza chama hiki kwa majaji wadogo, halafu kile kwa majaji wakubwa, na kila mmoja anasema mwenzangu ndiye aliyeanza.

Nikamuuliza, wakapata majaji wazuri zaidi? Akasema, Anti Miska, walipata majaji.

Anachotaka kwangu ni kitu kimoja. Mie ndiye katibu, vitabu vya mikutano vyote viko kwangu tangu vya marehemu baba, naye alikuwa katibu. Nivipitie, nihakikishe hakuna mahali palipoandikwa.


Jumapili, 9 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimeshusha sanduku juu ya kabati, vitabu kumi na saba. Nilianza na cha mwanzo. Mwandiko wa baba, umelala kulia kama mtu anayekwenda na upepo usoni.

Kitabu cha nne. Machi 1984. Nimeusoma ukurasa ule nikatamani nisingeusoma.

Siku ile mama alisimama. Mama yangu! Sikuwahi kujua. Alisimama kumsemea mwanamke mmoja wa Tottenham anayepigwa na mumewe, Jumuiya imsaidie. Pale pale akaambiwa kaa chini, hayo ya jikoni. Baba kaandika hivyo hivyo, na jina la aliyesema. Mama akakaa. Mwezi uliofuata baba akaleta hoja. Imeandikwa na kupigiwa mstari kwa wino mwekundu: Aliyesimama kusema, mwanamume au mwanamke, kauli yake haikatwi mpaka mwenyewe aseme amemaliza. Jambo hili halibadilishwi ila kwa theluthi mbili ya waliohudhuria. Wakapiga kura, ikapita.

Theluthi mbili. Ziyad nusu na mmoja anaipata, theluthi mbili haoni hata moshi wake.

Na mwanamke yule wa Tottenham? Nimefungua kurasa mpaka mwisho wa mwaka. Hakuna tena habari zake.


Jumatano, 12 Novemba

Siku ya mapumziko. Nimekwenda Tooting kwa Mzee Msabaha. Treni tatu, na njia nzima najipangia maneno ya kumshinda.

Kafungua mlango mwenyewe. Shikamoo, marahaba, pita binti yangu. Mkewe kafariki mwaka juzi, na nyumba inajulisha. Kila kitu kisafi na hakuna kitu kilichohama. Akanichemshia chai ya tangawizi, hakutaka nimsaidie.

Nikamwambia mzee wangu, Ummu anaangamia. Nikamweleza Sultan, Jaffar, mamake Jaffar. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Kumbe anaishi nayo hata nyumbani kwake.

Akasema Bi Zahra hana ugomvi naye. Kasoma kumshinda, na mwanamke kuwa kwenye sulhu si jambo jipya duniani. Lakini mwaka 2011 nilimfanya kichekesho mbele ya mkewe, na mkewe hakuja tena mkutanoni mpaka anakufa. Sababu hasa ya kumkataa, anasema, sikumwambia wakati ule wala baadaye. Wala sikuja mazikoni. Hilo kweli, sikwenda, nilikuwa zamu.

Akasema: Jumapili simama mbele ya watu useme ulinionea. Maneno matatu. Nami nitasema nimemaliza, na binti yako atapata haki yake.

Maneno matatu, mtoto wa watu! Nilipaswa kusema ndio pale pale. Badala yake nikahisi damu inapanda. Mie niombe radhi ukumbini, vijana wananitazama, Ziyad ananitazama, huku yeye ndiye aliyemfunga mwanangu? Nikamwambia utu uzima si kumtumia yatima kulipiza kisasi. Akanitazama sana. Akanisindikiza mpaka kwenye lifti, akaniambia nifunge koti, nje kuna baridi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na haki. Nilipofika kituoni kwetu, Seven Sisters, sikuwa nayo tena.


Ijumaa, 14 Novemba

Ziyad: umeviona vitabu? 
Nimemjibu: navipitia.

Ummu kapika, hakula.


Jumapili, 16 Novemba

Nina mikono baridi bado. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ukumbi ulijaa. Asubuhi nilipokuwa nafunga mtandio nilijisemea nitasimama niombe radhi. Kwenye basi bado nitasimama. Nilipoingia, wale wazee waliocheka mara ile wako mstari wa mbele, mmoja akaniuliza leo umekuja na boko boko? Wote wakacheka. Basi. Nikakaa mezani kwangu nikafungua kalamu.

Mzee Msabaha kasimama saa nane na dakika ishirini. Hakuanza kusema. Alinitazama kwanza, muda mrefu, kanipa nafasi. Nikainamisha kichwa nikaandika tarehe. Nilishaiandika.

Ziyad akatamka yale aliyoyapanga. Mazoea, si katiba. Kelele zikazuka, huyu anasema ni haramu kumkata mzee, yule anasema tumechoka. Mzee Msabaha akanyanyua mkono wakanyamaza. Akasema kichwa chake kimezeeka lakini anakumbuka kuna siku jambo hili liliandikwa, marehemu baba yangu akiwa katibu. Mwaka haujui. Akasema: vitabu viko kwa Bi Miska. Tumegombana mie na yeye, lakini baba yake hakuwa mwongo na yeye si mwongo. Akisema limo, nitaendelea. Akisema halimo, nitakaa chini.

Ziyad akanigeukia. Katibu, limo?

Niliona viatu vya Ummu kule mlangoni. Vile vyeusi vya kazini, alikuwa anakwenda zamu moja kwa moja baada ya mkutano.

Nikasema: halimo.

Mzee Msabaha akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepewa jibu la daktari. Akasema, "Nimemaliza." Akakaa.

Arobaini na nne kwa thelathini na moja. Desturi imeondoka. Dakika tano baadaye Bi Zahra kapita, arobaini na tisa. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Bi Zahra alisimama akashukuru kwa sentensi mbili, uso wake hauna furaha. Akasema kila aliyewahi kuikata kauli ya wachache, ipo siku naye alikuwa miongoni mwa wachache. Halafu akakaa.

Ndipo Ummu akanyanyua mkono. Miaka minne hajawahi kusema mkutanoni. Akaja mpaka mbele, akaanza kwa Kiswahili, akisema anataka watu wajue ilikuwaje, si kwa huruma, wajue tu. Sauti ikamkwama. Akangoja irudi. Ilipoanza kurudi, Ziyad akagonga kengele. Dakika mbili, dada, ahsante, tuna mengine.

Wala hakukusudia ubaya. Saa ilimwambia.

Ummu akasema "Sorry", akarudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Msabaha tu ndiye aliyegeuka kumtazama, kisha akanitazama mie.

Shauri la Ummu litasikilizwa tarehe 30.


Jumanne, 18 Novemba

Ummu kaimba bafuni. Sijui lini mara ya mwisho.

Mama Jaffar kaleta sambusa na salamu, sauti imeyeyuka.

Saa tisa Bi Zahra kapiga simu kutoka Rayners Lane. Kanipongeza kwa kazi. Kisha akasema yeye ana ada yake, hakai kwenye kiti asichojua kimepatikanaje. Anataka kuvisoma vitabu vyote vya mikutano, tangu cha kwanza, kabla hajasikiliza shauri la mtu yeyote. Jumamosi saa nne asubuhi, kama haitonisumbua, atakuja mwenyewe. Nikasema karibu. Nikasema ni vingi na vumbi. Akasema vumbi haliumi.

Nikamuuliza kwa mzaha, na ukikuta kasoro? Hakucheka. Akasema basi nitakuwa sikuthibitishwa, na hukumu yoyote nitakayotia saini itakuwa batili. Mke aliyeachwa kwa karatasi batili, akiolewa anaolewa akiwa mke wa mtu. Hilo sitaki kwenda nalo kaburini.

Huyu ndiye jaji tuliyemtaka. Hasa kwa sababu hii ndio tulimtaka.


Ijumaa, 21 Novemba

Nimefikiri kumwambia Ziyad. Atasema kitabu kimepotea, sanduku liliingia maji. Anajua kupanga.

Nimefikiri kumpigia Mzee Msabaha. Simu nimeishika mara tatu. Nimwambie nini, ulinisadiki na nikakudanganya?

Nimefikiri kumwambia Ummu. Kaja kunionesha gauni kwenye simu yake. La kijani, si la harusi, anasema, ni la siku ya kwenda kuandika ndoa tu. Nikamwambia linapendeza.


Jumamosi, 22 Novemba

Saa tatu na nusu. Nimefuta vumbi vitabu vyote, nimevipanga mezani. Kumi na sita viko pale. Cha nne kiko mapajani mwangu.

Ukurasa umeshonwa kwa uzi, unatoka vizuri ukiuvuta taratibu, nimejaribu kwa ncha ya kidole. Upande mmoja ni hoja ya baba. Upande wa nyuma ni mama. Maneno yake yote, baba hakupunguza kitu, mpaka pale alipoambiwa akae chini. Ukitoka huu unatoka na huo.

Ummu yuko juu anapiga pasi. Namsikia anamwambia Jaffar kwenye simu, nane tu zimebaki, siku nane.

Mara mbili nimekiweka mezani pamoja na vyengine, mara mbili nimekichukua.

Saa nne kasoro dakika mbili. Kengele ya mlango. Mara moja tu, Bi Zahra hapigi mara mbili. Ummu anapiga kelele kutoka juu, "Ma'mdogo, I'll get it!"

Nimemwambia ngoja. Hakusikia, yuko ngazini, anakwenda kufungua.